Barbara McClintock na Mahindi Yaliyojibu Dhiki



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya akina Ibn Sina na Ibn al-Haytham, na ni haki yao. Safari hii naomba mnipe nafasi niwaelezee bibi mmoja wa Marekani ambaye hakuwa Muislamu, na ambaye sehemu kubwa ya umri wake ilipita shambani kwenye mahindi na chumbani kwenye hadubini. Jina lake ni Barbara McClintock. Nina sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwanafunzi wa kilimo hapa Burundi, na tunapofundishwa namna mimea inavyovumilia ukame na joto, jina lake halikosi kutajwa. Pili, kisa chake kinapendwa sana na wanafunzi, lakini mara nyingi kinasimuliwa kwa namna inayoweza kutupotosha. Hilo nitalifikia mbele.

Mmea hauna miguu

Mbuzi akichomwa na jua hujitafutia kivuli. Mtu akikosa maji huchukua ndoo akaenda kisimani. Mmea umefungwa palepale mbegu ilipoangukia. Mvua ikikatika wiki tatu, mafuriko yakija, wadudu wakivamia, yote hayo utayapokea ukiwa umesimama mahali pamoja. Basi unajiokoa vipi?

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya seli zake. Kila seli ina jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo kwa kawaida huiambia seli itengeneze protini gani. Mahindi yana jeni zaidi ya 30,000, na hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Inayohitajika katika mzizi huenda imelala katika jani, na inayofanya kazi asubuhi huenda imetulia usiku. Dhiki inapofika, mpangilio huo hubadilika: jeni fulani zinaamshwa, nyingine zinalazwa. Maagizo yaliyoandikwa ni yaleyale. Kinachobadilika ni agizo lipi linasomwa, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaelezwa haya katika kipindi kimoja. Lakini miaka 80 iliyopita wataalamu wengi waliziona jeni kama punje za tasbihi: kila moja ina mahali pake kwenye uzi, haitoki hapo, na haiathiriki na yanayoendelea nje. McClintock ni miongoni mwa watu wa mwanzo walioonyesha, kwa ushahidi wa macho, kwamba mambo ya ndani ya seli hayakutulia kiasi hicho.

Kutoka Hartford hadi Cornell

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, Thomas, alikuwa tabibu, na mama yake aliitwa Sara. Wazazi walimpa kwanza jina la Eleanor, kisha wakaona halimfai, wakamwita Barbara. Mwaka 1908 familia ilihamia Brooklyn, New York, na huko ndiko alikosoma mpaka akamaliza sekondari. Tangu utoto alipenda kukaa peke yake akifikiri, na tabia hiyo hakuiacha.

Alipotaka kwenda chuo kikuu, mama yake alikataa. Hofu yake ni ileile ambayo mpaka leo inasikika katika nyumba nyingi za kwetu: binti akisoma sana hataolewa. Dada zangu mnaosoma makala hii mtalielewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi. Baba yake wakati huo alikuwa Ulaya akiwatibu wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi alisimama upande wa binti yake, na mwaka 1919 Barbara akaingia Chuo Kikuu cha Cornell, kitivo cha kilimo.

Mwaka 1921 alisoma somo la urithi, lililokuwa bado elimu changa. Mwalimu wake, C. B. Hutchison, aliiona bidii yake, na mwaka uliofuata akampigia simu kumwalika katika darasa la ngazi ya juu ingawa alikuwa hajamaliza shahada ya kwanza. Kuanzia hapo hakuyumba. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923, ya pili mwaka 1925, na udaktari wa botania mwaka 1927. Hakuolewa maishani mwake.

Kwa nini mahindi? Kwa sababu kila punje kwenye hindi ni mtoto anayejitegemea, mwenye baba aliyekuja kwa chavua na rangi yake mwenyewe. Ukimenya hindi moja, una mamia ya watoto wa mama mmoja wamejipanga safu mbele yako. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuzitofautisha kromosomu za mmea huo, yaani nyuzi zinazobeba jeni. McClintock aliboresha namna ya kuzitia rangi na kuzitandaza kwenye kioo, akazitazama kwa hadubini moja baada ya nyingine kwa urefu na alama zake, mpaka akazitambua zote 10. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1929. Mwaka 1931, yeye na mwanafunzi aliyeitwa Harriet Creighton walithibitisha kwamba kromosomu mbili zinapobadilishana vipande, sifa za mmea nazo hubadilishana pamoja na vipande hivyo. Alikuwa bado hajafikisha miaka 30.

Kromosomu iliyovunjika

Pamoja na sifa zote hizo, kazi ya kudumu haikupatikana upesi. Miaka kadhaa aliishi kwa fedha za ufadhili. Mwaka 1933 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa namna hiyo, akakuta Manazi wameshika madaraka, akarudi kwao kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 1936 alipata nafasi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Missouri, ambako Lewis Stadler alikuwa akiipiga chavua ya mahindi kwa eksirei ili kuona urithi unaharibika vipi.

Eksirei huvunja kromosomu. McClintock alitaka kujua kinachofuata baada ya kuvunjika. Aliona kwamba ncha iliyobaki wazi inatafuta ncha nyingine iliyo wazi na kuungana nayo. Seli inapogawanyika, uzi huo uliounganishwa unavutwa pande mbili, unakatika tena, na ncha mpya zinaungana tena. Mzunguko huo unajirudia kizazi baada ya kizazi cha seli. Lakini katika kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya mbegu, aliona ncha iliyovunjika ikipona na mzunguko ukakoma.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Kama jeraha linaweza kuzibwa, basi seli ina namna ya kulitambua jeraha na kulishughulikia. Ni mara ya kwanza katika kazi zake tunapoiona fikra itakayomfuata mpaka mwisho: kiumbe hai hupokea pigo, kisha hujibu.

Mwaka 1941 aliondoka Missouri, akiona hapana mustakabali wake pale. Akahamia kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York, akilipwa na taasisi ya Carnegie ya Washington. Huko alibaki kwa maisha yake yote. Mwaka 1944 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa mwanamke wa tatu kupata heshima hiyo, na mwaka 1945 akawa rais wa chama cha wataalamu wa jeni wa nchi hiyo. Naomba msomaji azikumbuke tarehe hizi mbili, kwa maana tutazihitaji.

Madoa ndani ya punje

Katika kipindi hichohicho alipanda mbegu ambazo wazazi wake wote wawili walikuwa wamepitia mzunguko ule wa kuvunjika, katika kromosomu ya 9. Miche iliyoota haikuwa ya kawaida. Majani yalikuwa na mabaka, na punje za mahindi yake zilikuwa na madoadoa.

Hapa tuelewane vizuri. Sokoni kwetu si ajabu kuona hindi lenye punje nyekundu kando ya nyeupe. Huo ni mchanganyiko wa mbegu za mashamba mawili, na haukumshangaza yeye wala hautushangazi sisi. Kilichomshangaza ni madoa ya zambarau ndani ya punje moja iliyo nyeupe. Punje nzima imetokana na mbegu ileile na ina urithi uleule. Kwa nini basi sehemu moja iwe na rangi na sehemu ya pembeni yake isiwe nayo?

Tena aliona mabaka yamekaa pacha kwenye jani: baka moja lina mabadiliko mengi kuliko kawaida, na pacha wake ana machache. Akaelewa kwamba seli mama ilipogawanyika, binti mmoja alipata kitu ambacho mwenzake alikipoteza. Alichukua miaka kadhaa kukitafuta kitu hicho, msimu kwa msimu, akichavusha kila mmea kwa mkono, akifunika mauaji kwa mifuko ili chavua ngeni isiingie, akiandika kumbukumbu za kila hindi kwenye kadi.

Jibu lilikuwa hili. Katika kromosomu mna vipande vinavyoweza kuhama. Kimoja alikiita Ds, kingine Ac. Ds hakitoki mahali pake mpaka Ac awepo, na Ac huweza kujihamisha mwenyewe na kumhamisha Ds pia. Ds akiingia katikati ya jeni inayotengeneza rangi, jeni hiyo inanyamaza na punje inakuwa nyeupe. Punje inapoendelea kukua, katika seli moja Ds anaweza kuondoka. Jeni inaamka, na seli zote zitakazotokana na ile zinakuwa za zambarau. Akiondoka mapema, doa linakuwa kubwa. Akichelewa, doa linakuwa dogo. Kwa hiyo ukilitazama doa unaweza kujua jeni iliamka wakati gani. Hivyo ndivyo alivyosoma punje za mahindi.

Baadaye aliona jambo jingine la ajabu. Baadhi ya vipande hivyo huweza kulala kwa kizazi kimoja au zaidi, kisha vikaamka, bila vyenyewe kuharibika wala kuondoka mahali pake. Miaka mingi baada yake wataalamu walikuta kwamba usingizi huo unaendana na alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA. Maandishi hayabadiliki, ila yanafunikwa yasisomwe.

Je, alichekwa?

Mwaka 1950 alichapisha matokeo hayo, na mwaka 1951 akayaeleza mbele ya mkutano wa wataalamu palepale Cold Spring Harbor. Wengi hawakumwelewa, na wengine hawakupendezwa. Hotuba ilikuwa nzito, imejaa majina ya mistari ya mahindi ambayo yeye peke yake aliyajua kwa undani. Aliumia. Baada ya miaka michache alipunguza kuchapisha katika majarida ya kawaida, akawa anaandika zaidi katika ripoti za mwaka za taasisi iliyomwajiri.

Kisa kinachozunguka kwenye simu zetu kinasema hivi: mwanamke aligundua ukweli, wanaume wakamcheka, wakamtupa, akakaa pembeni miaka 30, mwisho wakaja na tuzo ya Nobel kumwomba radhi. Ni kisa kitamu, na ndani yake umo ukweli kidogo, lakini hakijakamilika. Kumbukeni zile tarehe: mwaka 1951 alikuwa mwanachama wa akademia na aliwahi kuwa rais wa chama cha fani yake. Hakuwa mtu asiyejulikana. Isitoshe, wataalamu wengine wa mahindi walimwamini kwamba vipande vinahama. R. A. Brink wa Wisconsin na mwenzake walikuta jambo hilohilo katika mahindi yao na kulichapisha mwaka 1952.

Kilichokataliwa ni hatua yake ya pili. McClintock aliamini kwamba vipande hivyo ndivyo vinavyosimamia jeni zote, na kwamba kwa njia hiyo yai moja linakuwa mmea mzima wenye mizizi, majani na maua. Hilo wenzake hawakulikubali, na mpaka leo halijathibitishwa. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walionyesha namna bakteria wanavyowasha na kuzima jeni zao, na McClintock akaandika haraka kulinganisha kazi yao na yake. Wazo kubwa, kwamba jeni zinaongozwa na sehemu nyingine za urithi, lilikuwa sahihi. Njia aliyoidhania kuwa ndiyo kuu haikuwa hiyo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya namna kisa kinavyotumiwa. Kila mwenye dawa ya kutibu maradhi yote, kila mwenye nadharia isiyo na kipimo, akiulizwa ushahidi hujibu kwamba hata McClintock alikataliwa. Kukataliwa si ushahidi. Watu wengi hukataliwa kwa sababu hawana la kuonyesha. Yeye alikuwa na misimu mingi ya mavuno, kumbukumbu za kila hindi, na mbegu ambazo yeyote angeweza kuzipanda na kuona madoa yaleyale. Aliyetaka kumpinga alikuwa na mahali pa kuanzia. Hiyo ndiyo amana ya elimu, na ndiyo iliyomwokoa, wala si ukaidi wake.

Mwaka 1983

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 watafiti walianza kukuta vipande vinavyohama ndani ya bakteria, halafu ndani ya hamira na nzi wa matunda. Ilibainika kwamba si kioja cha mahindi peke yake. Wakati huo yeye alikuwa ameshatumia miaka mingine mingi kuchunguza aina za mahindi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Tuzo zikaanza kumiminika, na Oktoba 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alitangazwa mshindi wa Nobel ya fiziolojia au tiba. Hakugawana na mtu. Nyumbani hakuwa na simu, na habari aliisikia redioni.

Mwezi Desemba alitoa hotuba ya tuzo. Angeweza kusimulia ushindi wake na watu wakafurahi. Badala yake alizungumzia namna urithi wa kiumbe unavyojibu mambo yasiyotarajiwa. Alirudi kwenye zile kromosomu zilizovunjika, akaeleza kwamba vipande vyake vilikuwa vimelala ndani ya mahindi siku zote, na ni pigo la kuvunjika lililoviamsha. Akataja joto la ghafla linavyobadilisha kazi ya jeni. Akataja na nyigu wanaotaga kwenye majani ya miti, jani likajenga uvimbe wenye umbo maalumu wa kumhifadhi mtoto wa nyigu, kitu ambacho mti usingekijenga peke yake. Kisha akawaachia vijana swali: seli inajuaje kwamba imo hatarini, na inachaguaje la kufanya?

Alifariki tarehe 2 Septemba 1992, akiwa na miaka 90, huko Huntington, New York. Karibu mpaka mwisho aliendelea kufanya kazi.

Swali lake limefikia wapi

Nimesimama mara nyingi kwenye shamba la majaribio saa saba mchana, msimu wa jua kali, nikitazama majani ya mahindi yakijikunja kama mkeka baada ya swala. Kwa macho tunaona kujikunja tu. Ndani kuna kazi nyingi zaidi. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi abisisiki. Homoni hiyo inafunga stomata, vile vitundu vidogo vya jani vinavyotoa mvuke, na inaamsha mamia ya jeni. Nyingine zinatengeneza protini za kulinda seli zisikauke, nyingine zinapunguza ukuaji ili maji yaliyobaki yatoshe.

Joto nalo lina mlango wake. Protini zikipata joto kupita kiasi hupoteza umbo, kama ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria. Seli inapohisi hivyo huamsha jeni za protini wasaidizi, ambazo kazi yake ni kuwashika wenzao wasigandamane. Hilo huanza ndani ya dakika chache. Alama zake za kwanza zilionekana kwa nzi wa matunda, pale Mwitalia Ferruccio Ritossa alipochapisha mwaka 1962 kwamba joto huzifanya sehemu fulani za kromosomu zao zivimbe.

Na mafuriko je? Wakulima wa mpunga wa bonde la Imbo wanajua kwamba mpunga unapenda maji lakini ukizamishwa kabisa kwa siku nyingi hufa. Unakufa kwa haraka yake mwenyewe: hurefuka mbio kutafuta hewa, unamaliza sukari yote, nguvu zinaisha kabla maji hayajapungua. Katika mpunga mmoja wa kienyeji wa Odisha, India, watafiti walikuta jeni iitwayo Sub1A, wakaitangaza mwaka 2006. Jeni hiyo huamka mmea unapozama, na kazi yake ni kuutuliza usirefuke, utunze akiba yake, usubiri. Mpunga wenye jeni hiyo huweza kukaa chini ya maji takriban wiki mbili na kuchipua tena. Leo imeingizwa kwa uzalishaji wa kawaida katika aina zinazolimwa na mamilioni ya wakulima wa Asia.

Vile vipande vya McClintock navyo vimepata nafasi yake. Jenomu ya mahindi, yaani urithi wake wote, iliposomwa mwaka 2009, takriban asilimia 85 ilikutwa ni vipande vya namna hiyo, vingi vikiwa vimelala. Katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, kuna vipande vinavyoamshwa na joto. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mmea una ulinzi wa kuvizuia visihame. Ulinzi ukiondolewa, vinahamia mahali papya katika watoto wa mmea ule, na jeni iliyo jirani inaweza kuanza kuitikia joto ingawa hapo mwanzo haikuwa ikiliitikia. Mwaka 2015 ilionekana katika mahindi kwamba jeni nyingi zinazoamshwa na baridi, joto au chumvi zimekaa karibu na aina fulani za vipande hivyo. Hata yale machungwa ya Sicily yenye nyama nyekundu kama damu, wekundu wao unatokana na kipande kilichotua kando ya jeni ya rangi, na baridi ya usiku ndiyo inayokiamsha.

Lakini tusizidishe. Mmea hauombi jeni ukapewa. Kipande kinapohama hakijui kinakokwenda. Mara nyingi kinaharibu, mara chache kinafaa, na kinachofaa ndicho kinachobaki. Kuamka na kulala kwa jeni ni jambo la kila siku, na kwa kawaida dhiki ikiondoka nyingi hurudi zilikokuwa. Anayekwambia kwamba mbegu yoyote ukiitesa kwa jua itazaa watoto wasioogopa ukame, mwombe akuonyeshe shamba lake.

Sisi tufanye nini

Kaskazini mwa nchi yetu, upande wa Kirundo, ukame umewahi kuwafanya watu waache mashamba yao na kuvuka mpaka kutafuta chakula. Upande wa ziwa, maji yameingia majumbani na mashambani. Wanaopoteza mavuno si watu wa kwenye vitabu. Ni wazazi wetu wanaotulipia ada. Mbegu inayojua kunyamaza wakati wa mafuriko, au kufunga milango yake mapema wakati wa jua, ni sahani ya ugali mezani kwao.

Kazi hiyo haihitaji kwanza mashine za gharama. McClintock alianza na jembe, hadubini, karatasi na muda. Alichokuwa nacho zaidi ya wengi ni kwamba alikubali kuangalia mmea mmoja mmoja, na alipokuta mmoja usiofanana na wenzake hakuutupa kama takataka ili hesabu zake zikae sawa. Aliuuliza kwa nini. Ni wangapi kati yetu, tukiandika ripoti ya majaribio, tunafuta namba isiyopendeza ili tupate alama? Namba ile huenda ndiyo yenye elimu.

Nasi tunaamini kwamba kuutazama uumbaji na kuuzingatia ni ibada kwa mwenye kunuia. Basi tuutazame kwa uaminifu, tuandike tulichokiona, si tulichotamani kukiona, na tukipingwa tulete mbegu mezani. Wanafunzi wa kilimo na wa biolojia mnaotaka kushiriki katika upandaji wa aina za mahindi za kienyeji msimu ujao wa mvua, tuonane baada ya swala ya Ijumaa. Njooni na daftari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.